Wati za Kweli

Zile za zamani zilikufa Jumapili,
katikati ya Riverside, mjini Española,
karatasi ya koni ikachanika
na kilichokuwa mngurumo kikawa kikohozi.
Baba akanigeukia: "Umezima?"
Sikuwa nimezima.

Miaka thelathini na mmoja ya msumeno wa mbao
ilimla masikio kidogo kidogo:
kwanza ndege, kisha simu, kisha jina langu.
Ikabaki besi.
Hiyo haimjii kwa sikio, humjia kwa kiti,
kwa uti wa mgongo, kwa meno ya bandia,
na ndani ya Buick ya mwaka themanini na nne,
ya zambarau, tumbo karibu linalamba lami,
Belarmino Archuleta bado ana habari na dunia.

Nikanunua sabufa mbili mpya, inchi kumi na mbili.
Kila moja ina koili mbili, kila koili omu nne,
kila moja hula wati mia tatu
kutwa nzima bila kulalamika.
Mia tatu na mia tatu, hesabu ya chekechea.
Za omu ndizo zilizoninyima usingizi.

Nilichora nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
ukiziunga zote sambamba,
nne inakuwa mbili, mbili inakuwa moja;
ukifuatanisha koili za kila spika,
nne inakuwa nane, na nane mbili sambamba
zinarudi nne.
Moja, au nne. Mbili haimo.
Nikageuza bahasha, nikachora tena,
kana kwamba upande wa pili una hesabu nyingine.

Na amplifaya yetu kuukuu
haikubali kushuka chini ya omu mbili.
Ipe moja, itachemka ijizime njiani.
Ipe nne, itanong'ona,
na baba hasikii minong'ono.

Binamu yangu Onésimo akaja na boksi linalomeremeta:
WATI ELFU TATU, herufi za moto,
"dola tisini tu."
Nikafungua kijitabu, ukurasa wa mwisho,
maandishi ya sisimizi: fyuzi, ampea thelathini.
Mara volti kumi na nne, ni mia nne na ishirini,
na humo humo joto litachukua ushuru wake.
Debe tupu.
Onésimo akacheka, akalirudisha kwenye gari lake
ambalo nalo huvuma hivyo hivyo.

Dukani kwa Señora Quintana, nyuma ya kituo cha petroli,
hakuniuliza nina shilingapi.
Aliuliza: "Waya wako mnene kiasi gani?
Alternata ni ile ile ya kiwandani?
Na nani atakuwa anakaa humo?"
Nikamwambia nani.
Akapanda ngazi, akashusha pande la chuma
la rangi ya sufuria, halina hata taa,
wati mia sita kwenye omu moja.
"Za kweli," akaligonga kwa ukucha.
Kisha akanikatia waya mpya, mnene kama kidole,
maana kamba hukatikia pembamba,
na huo wangu wa zamani ulikuwa pembamba tupu.
Mshahara wa wiki mbili ukaishia kaunta.

Kuna kitufe kidogo cha kuzungushwa kwa bisibisi.
Onésimo hukipeleka mpaka mwisho.
Mimi nilimwita baba,
akaweka kiganja juu ya kifuniko cha buti.
Nikazungusha. Akainua kidole: bado.
Nikazungusha. Bado.
Mtaa ulinuka pilipili za kuchoma,
mbwa wa jirani akaingia uvunguni akatoka.
Bado. Kisha akafumba ngumi.

Nikangoja aseme neno.
Alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama kawaida yake:
"Kibao cha namba kimelegea. Skrubu ya kushoto."

Mimi mwenye masikio mawili
sikuwa nimesikia kitu.
Nikachukua bisibisi.